Cherehani nzima, chumba kibovu: kisa cha kuweka longaamu nyumbani

Hiki kisa mwenyewe kanipa ruhusa nikiandike. Jina nimetoa, mahali nimetoa, na aina ya mashine pia sitaitaja, nitamuita tu dada mwenye chumba. Nimeamua nikiandike kirefu maana karibu kila anayeniuliza kuhusu kuweka longaamu nyumbani (cherehani kubwa ya mkono mrefu ya kumalizia kwilti) anaanza na "ninunue ipi", na huyu dada mashine yake haikuwa na shida hata moja. Zile wiki sita alizoteseka aliteswa na chumba.

Hali ilivyokuwa kabla

Dada kashona kwilti, yale mablanketi ya vipande vya vitambaa, miaka tisa kwa cherehani ya kawaida ya mezani, ile ambayo nafasi kati ya sindano na mwili wa mashine ni kama sentimita 20. Anayeshona kwilti anajua hiyo maana yake nini. Kuunganisha vipande vya uso siyo shida, shida ni pale unapotaka kushonea tabaka zote tatu pamoja, uso, pamba ya kati na mgongo, na kwilti ya kitanda kikubwa inabidi uikunje kama mkeka uisukumize kwenye kile kinafasi, mabega yanawaka moto mpaka usiku. Akawa anapeleka uso ulioshonwa kwa mtu mwenye longaamu amalizie, baadaye na wenzake wakaanza kumuulizia yeye kama anaweza kuwamalizia zao, ndo wazo likaja.

Kwa ambaye hajawahi kuiona hii kitu, tofauti yake kubwa ni kwamba kwilti haisogei, inayosogea ni mashine. Kwilti imetandazwa kwenye fremu imeshikwa na rola, cherehani yenye mkono mrefu inakaa juu ya kigari, kigari kinatembea kwenye reli, wewe unashika mishikio unachora na uzi kama mtu anavyochora na kalamu. Ukisimama mbele unachora kwa mkono huru au kwa rula, ukisimama nyuma unafuata mchoro wa karatasi kwa mwanga wa leza, hiyo ndo wanaiita pantografu.

Akapata mashine iliyotumika, nafasi ya mkono sentimita 66, fremu ya futi 12 yaani mita 3.66, imeungwa kwa vipande vitatu, viwili vya futi 5 na kimoja cha futi 2. Ina regyuleta ya mishono pia, ile inayosoma mwendo wa magurudumu kwa sensa ili mishono itoke urefu uleule hata ukienda haraka au polepole. Mashine nzuri kabisa, mi mwenyewe ningeinunua.

Chumba kilikuwa cha wageni, mita 4.30 kwa 3.40, cha chini, sakafu ya sementi juu yake zulia nene lenye sponji. Dirisha moja ukuta wa nyuma, mlango unafungukia ndani, soketi moja ya matundu mawili, taa moja katikati ya dari. Alipima fremu, akapima chumba, akaona 3.66 inaingia kwenye 4.30, akalipa. Hesabu yake ilikuwa sahihi ila alikuwa kapima chuma, hakupima mtu.

Mambo yalivyokwenda, wiki tatu za kwanza

Walifunga fremu nzima ya futi 12 siku moja, yeye na ndugu zake wawili. Ili mlango ufunguke ikabidi fremu isogezwe mpaka ncha moja iguse ukuta, nafasi yote ya sentimita 64 ikabaki upande wa pili. Nyuma wakaweka shelfu la vitambaa la kina cha sentimita 45. Meza ya fremu ina kina kama mita 1.20, mbele kaacha 1.10, kwa hiyo nyuma zikabaki sentimita 65 tu, na hapo bado mashine haijasukumwa. Mashine ikienda mwisho nyuma inachomoza nje ya meza, na mishikio ya nyuma nayo inachukua nafasi yake, yaani mtu hawezi kusimama pale akafuata pantografu, labda awe amekauka kama ubao. Siku ya pili tu akawa ameshapoteza nusu ya kazi ambazo ile mashine inaweza kufanya.

Halafu zikaanza shida za mshono. Ananipigia simu, "dada, hii mashine inanikimbia". Akiachia mishikio inaondoka yenyewe taratibu inaelekea mlangoni. Akichora duara, nusu ya duara safi, nusu nyingine chini kwenye mgongo uzi umetoka vitanzi vitanzi kama kope. Na kuna sehemu moja, kama sehemu moja ya sita ya fremu kutoka kulia, kila mashine ikipita pale inadunda kidogo na mshono unaruka. Uzi unakatika mara kumi kwa siku.

Alichofanya ni kile ambacho wengi wetu tungefanya, akakamata kinobu cha mkazo wa uzi wa juu. Akakaza, akalegeza, akabadilisha uzi, akabadilisha sindano, akakaza bobini, akarudi kwenye kinobu. Wiki tatu. Aliniambia baadaye kuna usiku alikaa sakafuni pale chini ya fremu akalia, na mi nilimuelewa kabisa, maana pesa imeshatoka, chumba kimeshavurugwa, na watu watatu wameshamletea kwilti zao wanasubiri.

Juu ya hayo, skrini ya regyuleta ikawa inazima na kuwaka yenyewe katikati ya mshono. Hapo ndo akaamini kauziwa mashine mbovu.

Tulichokikuta wiki ya nne

Nilienda na pimamaji, futi ya kupimia, ubao mrefu ulionyooka na kirungu cha uzi mweupe. Sikugusa mashine saa nzima ya kwanza na hilo lilimshangaza.

Kwanza tukapima mishazari ya fremu, kona hadi kona, pande zote mbili. Namba zikiwa hazilingani fremu imekaa kisanduku kilichopinda, na hata uiweke sawa vipi kwenye pimamaji reli zitakuwa zinapigana. Yake ilipishana milimita 14.

Pili tukaweka pimamaji kwenye reli. Upande wa mlango ulikuwa chini. Tukafunua kona ya zulia tukapima sakafu yenyewe kwa ubao, kutoka ncha mpaka ncha ya fremu sementi inashuka milimita 9. Sementi ya nyumba ni hivyo, huwezi kuiona kwa macho na kitanda hakijali, ila kigari chenye magurudumu yanayoteleza kirahisi kinajali sana. Na zulia lenye sponji ndo lilikuwa linazidisha, miguu ya fremu inazama kidogo kidogo kila siku, kila mguu kwa kiasi chake, kwa hiyo hata kama wangeiweka sawa siku ya kwanza ingeharibika wiki hiyohiyo. Kibaya zaidi mguu ulioguswa na ukuta hakuna spana inayofika pale.

Tatu tukafunga uzi kutoka ncha ya rola hadi ncha nyingine tukauvuta ukaze, tukaangalia umbali kati ya uzi na reli. Katikati reli ilikuwa imelala, kwa sababu mguu wa kati haukuwa umegusa chini, ulikuwa unaning'inia juu ya zulia. Na pale panapodunda kumbe ni pale kipande cha futi 5 kinapoungana na cha futi 2. Maungio hayakukaa sawa, ukipitisha ukucha unahisi kijingazi. Gurudumu likipanda kile kijingazi mashine inaruka.

Sasa unganisha hayo na mshono. Mashine inateremka yenyewe kuelekea mlangoni, kwa hiyo upande huo dada anaizuia, akirudi upande wa pili anaipandisha kilima, mkono unavuta kwa nguvu na kwa mishtuko. Sindano ya longaamu inashona huku mashine inatembea, ukiivuta kwa mshtuko inapinda kidogo, ikipinda haikutani na ndoano ya bobini inavyotakiwa, hapo mshono unaruka au uzi unakatika. Na kwenye kona za duara akawa anaongeza kasi ili awahi mteremko, zile kope zikatokea palepale. Vitanzi vyote vilikuwa upande mmoja wa duara, na mkazo wa uzi haujui kulia na kushoto. Shida ingekuwa ni kinobu, duara zima lingeharibika.

Kitu kimoja kilikuwa cha kwake na siyo cha chumba, nakisema maana kinampata kila mgeni wa hii kazi: alikuwa ameikaza kwilti kwenye rola kama ngozi ya ngoma. Alidhani ikikaza ndo inakuwa nzuri. Haitakiwi hivo. Ukipitisha mkono chini ya kwilti uweze kusukuma kidole juu na kukishika kwa mkono mwingine kupitia tabaka zote tatu, ukishindwa imekaza mno, sindano inagoma na inapinda.

Na umeme. Ekstensheni moja, imechomekwa longaamu, taa ya mezani na pasi. Pasi peke yake inaweza kula zaidi ya wati 2000, longaamu yenyewe haifiki hata robo yake. Kila pasi ilipowaka kujipasha moto, umeme kwenye ule waya unashuka kidogo, taa hutaona, skrini inaona. Tuliithibitisha kirahisi tu, tukachomoa pasi, tukashona nusu saa, haikuzima hata mara moja. Tukaichomeka, dakika sita ikazima.

Maamuzi, na kwa nini

Tulikaa chini jioni ile tukaandika kwenye karatasi nini kifanyike kabla ya kipi, maana kama ungeanza na mkazo wa uzi ungerudi kuufanya tena. Sakafu, fremu, umeme, mwanga, halafu ndo mashine.

Zulia likatoka lote pamoja na sponji. Alilipenda lile zulia, tulibishana kidogo, alitaka tukate matundu ya miguu tu. Nilikataa kwa sababu mbili, moja ni pini na vipande vya uzi, kwenye zulia hauvioni mpaka vikuchome, na ya pili kwilti yenye mgongo mrefu huwa inagusa chini, inabidi uwe unafagia kila siku. Chini ya kila mguu tukaweka kibao cha plaiwudi cha milimita 12, kipana kama sahani, ili uzito usambae.

Uamuzi mgumu ulikuwa urefu wa fremu. Tuliamua kutoa kile kipande cha futi 2 ibaki futi 10, yaani mita 3.05. Hapa aliumia, na haki yake, mtu kanunua futi 12. Fremu ya futi 10 haishoni futi 10 zote, mwili wa mashine na vishikio vya pembeni vinakula kama sentimita 30, kwa hiyo unabaki na kama sentimita 275 za kushona. Nikamuomba atoe daftari lake. Mwaka uliopita kwilti 19 zilipita mikononi mwake, zilizozidi upana wa 275 zilikuwa mbili tu, na zote mbili siyo za mraba, upande mfupi ni 250. Kwilti kama hiyo unaigeuza, unaipandisha kwenye rola kwa upande mfupi, urefu hauna shida maana unajiviringisha. Hasara ipo na nilimwambia wazi: mchoro wenye juu na chini, kwa mfano ndege au maua yaliyosimama, ukigeuza kwilti unalala, kwa hiyo kwa kwilti kubwa mno inabidi uchague mchoro usio na upande. Na mgongo unatakiwa uzidi uso kama sentimita 10 kila upande, hapo nako nafasi inabana.

Faida ni kwamba nafasi ya pembeni ikawa sentimita 125 badala ya 64. Tukaigawa 45 upande wa ukuta, inatosha mtu kupita ubavu na spana yake, na 80 upande wa mlango. Na yale maungio mabaya yakaondoka pamoja na kile kipande. Kingine cha shukrani, mlango ulifungika na kufunguka wote.

Shelfu likahamia nje, kwenye korido. Nyuma ikawa mita 1.10.

Kusawazisha kulituchukua siku nzima. Mishazari kwanza mpaka ilingane, halafu ncha moja ya meza mbele na nyuma, halafu ncha ya pili, halafu reli kwa urefu, mwisho ndo mguu wa kati unapandishwa taratibu mpaka uguse na uzi wa kupimia uwe sambamba na reli. Ukianza na mguu wa kati unapandisha tumbo, mashine itakuwa inakimbilia pembeni pande zote mbili. Jaribio la mwisho ni kuiachia tu mashine sehemu tano tofauti, isiende popote. Wiki moja baadaye tulipima tena, ilikuwa imeshuka kidogo upande mmoja kama nilivyotegemea, tukarekebisha.

Urefu wa meza nao. Yeye ni mfupi na fremu ilikuwa imefungwa kwa vipimo vya mwenye nayo wa zamani. Tulimsimamisha na viatu anavyoshonea, kiwiko kimekunjwa pembe mraba, mishikio ije pale mikono inapoangukia bila kupandisha mabega. Ikashuka sentimita 6. Yale maumivu ya shingo aliyokuwa anayaita ya uzee yalipungua ndani ya siku chache. Mbele tukaweka mkeka wa mpira, ila urefu wote anaotembea, siyo kipande kimoja katikati, maana kupanda na kushuka ukingo wa mkeka huku unashona kunaharibu mstari.

Umeme ulifanywa na fundi umeme, siyo sisi. Waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, soketi yenye athi nzuri, na kifaa cha kuzuia umeme wa ghafla. Pasi ikahamia upande mwingine wa nyumba. Fundi alisoma pia kibandiko cha mashine kama volti zake zinalingana na za nyumba. Hiyo ni lazima kwa mashine ya mkono wa pili, kuna za 110 na kuna za 220 hadi 240, na kukosea hapo unaunguza bodi ya umeme.

Mwanga ndo nilipokosea mimi. Nilimshauri fremu iwe na dirisha nyuma yake ili mwanga wa mchana uangukie kwenye kwilti. Ulianguka kweli, na baada ya wiki mbili kwilti iliyokaa kwenye rola, ile sehemu iliyotazama dirisha, ikawa imepauka. Bahati ilikuwa ya kwake mwenyewe na siyo ya mteja. Na mwanga wa juu na wa mbele unafuta vivuli, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe hauonekani kabisa. Tukafunga pazia zito, na tukaweka utepe wa LED pembeni chini, usawa wa kwilti, unaomulika kwa ubavu. Hapo kila mshono unatupa kivuli chake unauona kama mfereji. Rangi ya mwanga tulichukua kelvini kati ya 4000 na 5000, na taa inayoonyesha rangi kwa usahihi wa 90 kwenda juu kati ya 100 (kipimo cha CRI), maana kuchagua uzi chini ya taa ya njano ni kujidanganya.

Feni ya dari ikabaki ila haiwaki wakati wa kushona. Inapepea uzi kati ya kirungu na kishikio cha kwanza, uzi unajizungusha pale juu, unakaza ghafla, unakatika, na mtu anakimbilia tena kinobu. Vyavu vidogo vya kuvisha kirungu vilisaidia kwa nyuzi za poliesta zinazoteleza.

Mwishoni kabisa, mashine

Wiki ya sita ndo tukagusa mkazo. Tulianza na vitu vichache kwa makusudi: uzi mmoja wa poliesta namba 40 juu, sindano mpya ya 18, na bobini. Sindano aliipitisha pini kwenye tundu lake ili aone kama imekaa imenyooka, mfereji mrefu mbele, kibonde nyuma. Kikasha cha bobini alikipima kwa kipimo cha TOWA, kifaa kidogo cha kupima mkazo wa uzi wa bobini, wengi wanaanzia kati ya 180 na 220, yeye akakaa kwenye 200 na akakiacha hapo. Baada ya hapo kinobu cha juu tu ndo kinachosogea, tena robo mzunguko, tena kwenye kipande cha majaribio pembeni ya kwilti chenye pamba ileile na mgongo uleule. Akiona uzi wa chini umelala umenyooka kama reli mgongoni, wa juu umelegea. Akiona vidoti vya uzi wa bobini vinachungulia usoni, wa juu umekaza. Dakika arobaini, mshono ukatulia. Wiki tatu alizopambana nao, na sasa dakika arobaini.

Matokeo

Kwilti ya kwanza baada ya matengenezo haikutoka nzuri, lazima niseme hili. Tulipofupisha fremu tulitoa na kurudisha turubai za kushikia kwilti kwenye rola, na alama ya katikati ya rola ya mgongo ilipishana na ya rola ya mbele sentimita moja na nusu. Hatukuirudia kupima. Kwilti ikajiviringisha kwa kupinda, kufikia chini ukingo mmoja una mawimbi, mwingine umevutika. Alifumua robo nzima kwa mkono. Sasa alama kazichora upya kutoka katikati ya rola zote kwa wakati mmoja, kwa wino usiofutika.

Zilizofuata zimekuwa safi. Ndani ya miezi minne kamaliza kwilti 14, kati yake 9 za watu. Uzi unakatika, lakini siku nyingine haukatiki kabisa. Pantografu anafanya kila wiki na anasema ndo kazi anayoipenda kuliko zote, kazi ambayo mwanzo chumba kilimnyima.

Ambalo halijakaa sawa ni pamba. Roli la pamba ya kati linafika mita 2.4 na zaidi, limesimama korido linazuia njia, anataka kulitundika ukutani ila ukuta wenyewe ni wa mbao nyepesi. Bado.

Uchambuzi

Kilichosaidia kuliko vyote ni kukataa kugusa mashine mwanzo. Ukiwa na shida tatu kwa pamoja, kila unachobadilisha kwenye mshono kinakupa jibu la uongo. Alikuwa akikaza uzi ikatulia kidogo kwa sababu muda ule alikuwa anashona upande usio na mteremko, anafurahi, kesho anahamia upande wa pili yote yanarudi. Angekuwa ameandika shida inatokea wapi kwenye fremu na mashine inaelekea wapi, angeona mapema kwamba shida ina mahali na ina upande. Shida yenye mahali itafute kwenye reli na sakafu. Inayotokea popote ndo uitafute kwenye uzi, sindano na bobini. Na ile yenye saa zake, kama skrini iliyozima, angalia nini kingine kinawaka muda huo.

Kupima chumba kulifeli kwa sababu kulifanywa fremu ikiwa imesimama na mashine imetulia katikati. Mi sasa anayeniuliza namwambia achukue maskingi tepu achore fremu sakafuni, halafu achore na mashine ikiwa imevutwa mwisho mbele, na ikiwa imesukumwa mwisho nyuma, halafu aingie mule asimame, ainame, azunguke na ndoo ya maji mkononi kama ni kwilti iliyokunjwa. Aache siku mbili. Kama anaona uvivu kuzunguka kwenye tepu, kwenye chuma atachoka zaidi.

Kufupisha fremu naona ulikuwa uamuzi sahihi kwa chumba kile na kwa daftari lile. Mtu ambaye wateja wake wengi wanaleta kwilti za mraba za sentimita 280 asiige, kwake yeye ni bora abadilishe chumba. Nimeona watu wanasema futi 12 kila mara ni bora kwa sababu ni kubwa, sikubaliani, fremu ambayo huwezi kuizunguka ni fupi kuliko inavyoonekana.

Pesa zilitumika kwa mpangilio mbaya. Kabla sijafika alishanunua rula kumi na kitu, virungu vya uzi rangi arobaini, na alikuwa anaulizia kompyuta ya kuendesha mashine yenyewe. Rula tatu ndo anazitumia, moja iliyonyooka, moja ya tao, na ya duara. Kompyuta nilimuomba aahirishe, siyo kwamba ni mbaya, ila ingewekwa kwenye reli zile za mwanzo ingeshona makosa yaleyale bila hata mkono wa kuhisi kwamba kuna kitu kinavuta. Vitu vilivyomtoa pale vilikuwa plaiwudi, pimamaji, waya wa umeme, pazia na utepe wa taa.

Kosa langu la dirisha limetokana na mazoea, mi nashonea chumba kisichopata jua la moja kwa moja. Nilipaswa kuuliza jua linaingia saa ngapi. Kwilti inaweza kukaa kwenye rola wiki nzima au zaidi, siyo kama kitambaa cha kwenye cherehani ya mezani unachokitoa jioni.

Unyevu tulikuja kuufikiria kwa kuchelewa. Chumba cha chini chenye sementi iliyovuliwa zulia kilianza kutoa ubaridi, na ndoano ya bobini ikaonyesha alama ndogo ya kutu baada ya miezi kama mitatu. Sasa ana kipimo cha unyevu ukutani, anajitahidi kibaki kati ya asilimia 40 na 60, kikishuka sana nyuzi na mavumbi ya pamba vinang'ang'ania kila kitu kwa umeme tuli, kikipanda chuma kinaumia. Tone la mafuta kwenye ndoano na kupiga brashi kwenye kikasha kila baada ya bobini chache, na magurudumu ya kigari anayafuta kabla ya kila kwilti, kwa sababu kipande cha uzi kilichojisokota kwenye gurudumu kinadunda kama yale maungio.

Pimamaji lile nililoenda nalo nilimuachia. Limening'inia kwenye msumari pembeni ya mlango, kila tarehe moja analishusha anaweka kwenye reli sehemu tatu. Mwezi uliopita mguu wa upande wa mlango ulikuwa umeshuka milimita 2, akapandisha skrubu, akaiachia mashine, haikwenda popote, akaendelea na kwilti iliyokuwa kwenye rola.